Swali Litangulie Safari: Ziara za Masomo na Wageni Waalikwa katika Kufundisha Historia

Utangulizi

Waswahili husema, "Mwenda bure si mkaa bure, huenda akaokota." Methali hii humfaa msafiri asiye na dhamana ya mtu. Mwalimu hawezi kuifanya kanuni ya kazi yake. Anapowatoa watoto arobaini darasani, akatumia siku nzima ya masomo pamoja na fedha ambazo wazazi wamezitafuta kwa taabu, hana ruhusa ya kuliegemea neno "huenda". Yampasa ajue kabla ya kuondoka watoto wanakwenda kutafuta nini, na watakitafuta kwa njia gani.

Makala haya yanakusudia kumsaidia mwanachuo anayejiandaa kufundisha madarasa ya juu ya shule ya msingi aelewe namna ya kuongoza ziara ya masomo na namna ya kumtumia mgeni mwalikwa. Njia hizi mbili zinaelezwa pamoja kwa kuwa ni jamaa moja: katika ya kwanza darasa huufuata ulimwengu ulipo, na katika ya pili ulimwengu huletwa darasani. Hoja yetu ni kwamba ziara na mgeni havifundishi vyenyewe. Hufundisha pale tu mwanafunzi anapokwenda na swali, akarudi na jibu, kisha akaweza kueleza jibu hilo amelipata wapi na kwa nini anastahili kuliamini.

Mfano tutakaoutumia ni mji wa Bagamoyo, ulio kiasi cha kilomita 70 kaskazini ya Dar es Salaam, kwa sababu shule nyingi huutembelea na kwa sababu habari zake zinahitaji uangalifu. Mwalimu wa mahali pengine atauchukua utaratibu, aache mji.

1. Kwa nini tutoke darasani?

Kabla ya kuwapo shule za leo, mtoto wa mvuvi alijifunza pepo, maji ya bamvua na maji mafu akiwa ndani ya mtumbwi pamoja na baba yake. Mtoto wa mhunzi alivukuta mivukuto kwa muda mrefu kabla ya kukabidhiwa nyundo. Mafunzo na maisha havikutengwa. Mwaka 1967, katika Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu Julius Nyerere alionya kwamba shule zilizorithiwa kutoka kwa wakoloni ziliwazoeza wanafunzi kuamini kuwa maarifa yote yenye thamani hupatikana vitabuni au kwa watu waliosoma, na kwa hiyo kuyadharau maarifa ya wazee wao. Onyo hilo lingali na maana kwa kila mwalimu ambaye somo lake huanzia ubaoni na kuishia ubaoni.

Hata hivyo, yafaa tutambue mipaka. Mahali hutoa kile ambacho kitabu hakiwezi kutoa: ukubwa halisi wa kitu, umbali kati ya kitu na kitu, na vifaa ambavyo kitu kimeundwa navyo. Kitabu chaweza kusema "magofu ya Kaole", na mwanafunzi akayakariri maneno hayo bila picha yoyote akilini. Akifika Kaole, mwendo mfupi kusini ya mji wa Bagamoyo, ataona mabaki ya misikiti miwili na makaburi zaidi ya ishirini, baadhi yake yakiwa na minara iliyosimama juu yake. Ataona kwamba kuta zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Ataona pia kwamba kati ya magofu na maji ya bahari kuna mikoko, naye atajiuliza bandari ilikuwa wapi.

Lakini mahali hapaelezi wakati wala sababu. Jiwe halisemi mwaka wake. Wachunguzi wa mambo ya kale, ambao mmoja wao, Neville Chittick, alichimba Kaole mwaka 1958, hukadiria umri wa mji kwa kuchunguza vigae vya vyungu, vyombo vya kigeni na namna ya ujenzi, nao huuweka mji huo kati ya karne ya 13 na ya 16. Habari hiyo mwanafunzi hataiona ukutani. Itatoka kitabuni au kinywani mwa mtu. Basi ziara haiondoi kitabu, wala haimwondoi mwalimu. Huvipa vyote viwili kitu cha kuzungumzia.

2. Matayarisho

Kazi kubwa ya ziara hufanyika kabla ya siku ya safari. Mwanachuo azingatie mambo haya:

(a) Mwalimu atangulie. Mahali ambapo mwalimu hajapaona, asiwapeleke watoto. Aende peke yake au pamoja na mwalimu mwenzake, apime muda wa mwendo, atazame palipo na kivuli, maji ya kunywa na vyoo, na ajue ni jengo gani linaingilika salama. Azungumze na mwongoza wageni wa mahali pale, amweleze umri wa watoto na shabaha ya somo, ili siku ya siku asiwape watoto hotuba iliyotengenezwa kwa ajili ya watalii.

(b) Ziara iwe na nafasi yake katika azimio la kazi. Ziara inayofanyika mwishoni mwa mwaka, baada ya mitihani, kwa ajili ya kuwapumzisha watoto, ina haki yake, lakini isiitwe somo. Ziara ya masomo huwekwa katikati ya mada: baada ya watoto kujua ya kutosha hata waweze kuuliza, na kabla ya kujua mengi kiasi cha kutohitaji kuuliza.

(c) Ruhusa na usalama. Pawe na idhini ya mwalimu mkuu na ya uongozi wa elimu, na barua kwa kila mzazi inayotaja siku, saa ya kuondoka na kurudi, gharama, na vitu vya kubeba. Watoto wagawanywe katika vikundi vidogo, kila kikundi na mtu mzima wake ambaye jina lake limeandikwa. Wahesabiwe kabla ya kupanda gari, baada ya kushuka, na kila wanapohama mahali. Sanduku la huduma ya kwanza lisisahauliwe. Palipo na bahari au mto, watoto wasikaribie maji bila amri.

(d) Asibaki mtu kwa ajili ya umaskini. Mtoto ambaye mzazi wake hakuweza kulipa, naye akaachwa shuleni akifagia uwanja, amefundishwa siku hiyo somo ambalo mwalimu hakulikusudia. Kama fedha hazitoshi kwa wote, mwalimu na achague mahali pa karibu zaidi. Vivyo hivyo, mtoto mwenye ulemavu afikiriwe tangu mwanzo, katika uchaguzi wa njia na wa gari, wala asiachwe kuwa suala la dakika ya mwisho.

(e) Mahali pawe pachache. Bagamoyo pana magofu ya Kaole, misheni ya Kikatoliki iliyoanzishwa mwaka 1868, Ngome Kongwe, Boma la Wajerumani, na ufuko wenye majahazi na wavuvi. Mwalimu mwenye pupa huvipitia vyote kwa siku moja, na watoto hurudi na vumbi tu. Mahali pawili pakitazamwa vizuri panatosha.

3. Swali jema na swali lisilofaa

Tofauti kati ya ziara na matembezi ni swali. Juma moja kabla ya safari, mwalimu awaulize watoto wanataka kujua nini, ayaandike maswali yao yote ubaoni bila kuyacheka, kisha ayachambue pamoja nao.

Swali kama "Bagamoyo kuna nini?" halifai, kwa kuwa halimwelekezi mtoto atazame wapi. Swali kama "Boma lilijengwa mwaka gani?" lina jibu la neno moja, nalo lingejibiwa bila ya kusafiri. Swali jema humlazimisha mtoto atumie macho yake na afikiri. Kwa mfano:

– Kuta za Kaole zimejengwa kwa vitu gani, na vitu hivyo vilipatikana wapi?
– Ukisimama kwenye magofu, wadhani mashua zilifikia upande upi? Umeona nini kinachokufanya udhani hivyo?
– Milango ya nyumba za zamani za mjini inatuambia nini juu ya watu waliozijenga?

Kila kikundi kichukue maswali mawili, si zaidi, na kila mtoto ayajue maswali ya kikundi chake kwa moyo.

Kisha kila mtoto apige mistari katika daftari lake apate safu tatu, na juu ya safu hizo aandike: NIMEONA, NIMEAMBIWA, NIMESOMA. Kila habari atakayoikusanya, kabla ya safari, wakati wa safari na baada yake, aiandike katika safu inayostahili. Zoezi hili laonekana dogo, lakini ndilo kiini cha somo zima. Mtoto aliyezoea kuzitenganisha safu hizi tatu amekwisha kupata tabia ya mchunguzi, nayo itamfaa atakapofika sekondari na kutakiwa aandike habari yenye ushahidi, na itamfaa zaidi atakapokuwa raia anayesikia maneno mengi kila siku.

4. Siku ya ziara

Wafikapo, mwongozaji asianze kusema mara moja. Watoto wapewe dakika kumi za kutazama kimya, na nyingine kumi za kuchora wanachokiona. Mtoto achoraye hulazimika kutazama mara ya pili. Wapime urefu wa ukuta kwa hatua au kwa kamba yenye mafundo, wahesabu makaburi, wachore ramani ndogo inayoonyesha upande wa bahari. Baada ya hapo ndipo mwongozaji azungumze, naye atakuta watoto wana maswali ya kumpa.

Watoto wakumbushwe kwamba magofu yanalindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964. Wasipande juu ya kuta, wasichore majina yao, wala wasiokote kigae na kukitia mfukoni. Sababu ielezwe: kigae kilichohamishwa hakiwezi tena kumwambia mchunguzi kilikuwa mahali gani na pamoja na vitu gani. Zaidi ya hayo, Kaole ni mahali pa makaburi, na adabu ya makaburini inajulikana.

Hapa yafaa tuonyeshe jinsi safu tatu zinavyofanya kazi. Tuseme mtoto amesimama mbele ya Boma, akasikia mmoja wa watu waliopo akisema kwamba jengo lile lilikuwa makao makuu ya koloni lote la Wajerumani. Ataandika maneno hayo chini ya NIMEAMBIWA. Chini ya NIMESOMA atakuwa tayari na habari mbili: kwamba makao makuu ya utawala wa Kijerumani yalihamishwa kutoka Bagamoyo kwenda Dar es Salaam mwaka 1891, na kwamba Boma hilo lilijengwa mwaka 1897. Akiziweka habari hizo pamoja ataona mwenyewe kwamba jengo haliwezi kuwa makao makuu miaka sita baada ya makao hayo kuhama. Lilikuwa ofisi ya utawala wa wilaya. Hakuna aliyemdharau msemaji, wala mwalimu hakuhitaji kutia neno. Mtoto ametumia tarehe kama fundi atumiavyo rula.

Mfano wa pili unatoka kwenye misheni. Watoto wataelezwa kwamba mwili wa David Livingstone ulipokelewa hapo Februari 1874, kabla ya kusafirishwa kwenda Uingereza kwa maziko. Mwalimu mwenye matayarisho hataishia hapo. Atauliza: "Nani aliubeba?" Livingstone alifariki mapema mwezi wa Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia. Watumishi na wapagazi wake, miongoni mwao Abdullah Susi, James Chuma na Jacob Wainwright, waliuhifadhi mwili na kuubeba zaidi ya kilomita 1,500 hadi pwani, mwendo wa miezi kadhaa wenye maradhi na vifo. Watoto waitazame ramani na waufuate mwendo huo kwa kidole. Wakisha kufanya hivyo, waulizwe kwa nini jina la aliyebebwa linajulikana na watu wengi kuliko majina ya waliombeba. Swali hilo halina jibu la neno moja, na ndiyo sababu linafaa.

5. Mgeni mwalikwa

Shule iliyo mbali na mahali pa kihistoria, au isiyo na fedha za safari, isikate tamaa. Kila kijiji na kila mtaa una watu wenye maarifa: fundi wa majahazi, mfinyanzi, muuguzi wa zahanati, karani wa mahakama ya mwanzo, bibi aliyelima pamba kabla ya uhuru, mzee aliyefanya kazi reli. Kosa la kawaida ni kudhani kwamba mgeni wa shule lazima awe mtu mwenye cheo. Mwenye cheo aghalabu huja na hotuba. Mwenye kazi huja na mikono yake.

Mwalimu amwendee mgeni nyumbani kwake, wala asimwite kwa barua ya mkato. Amweleze watoto wana umri gani, wamekwisha kujifunza nini, na ni jambo gani hasa wangependa kulisikia. Amwombe aje na kitu cha kuonyesha, kama kipo: chombo cha kazi, picha ya zamani, cheti. Amtajie muda. Mzee asiyeambiwa muda huenda akasimulia mchana kutwa, na watoto wakasinzia, na heshima ikapotea kwa pande zote mbili.

Kwa vipindi viwili vilivyounganishwa, yaani dakika 80, mgao huu unafaa:

Dakika 5: salamu na utambulisho.
Dakika 20: simulizi ya mgeni.
Dakika 30: maswali ya wanafunzi.
Dakika 10: shukrani na kumsindikiza mgeni.
Dakika 15: kila mtoto kujaza safu zake angali anakumbuka.

Itaonekana kwamba maswali yamepewa muda mrefu kuliko simulizi. Ni kwa makusudi. Lakini kumuuliza mtu mzima ni jambo lenye adabu yake, na adabu hiyo haina budi kufundishwa na kufanyiwa mazoezi. Mtoto asiulize, "Una uhakika?" Swali hilo ni la kumkosea mtu heshima. Na afundishwe kuuliza kwa namna hii:

"Shikamoo, babu."
"Marahaba, mjukuu wangu."
"Babu, tunashukuru kwa habari ya wapagazi. Tunaomba kujua, wewe uliwaona kwa macho, au ulisimuliwa?"
"La, mjukuu wangu, mimi sikuwahi. Alinisimulia babu yangu. Yeye aliwaona akiwa mtoto."

Kwa swali moja lenye adabu, darasa limepata mnyororo wa habari: kutoka kwa babu wa mzee, hadi kwa mzee, hadi kwa watoto. Sasa na wafanye hesabu. Mzee mwenye miaka themanini leo alizaliwa katika miaka ya 1940. Babu yake huenda alizaliwa katika miaka ya 1880. Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na misafara mikubwa ya wapagazi katika njia hiyo ikafifia. Kwa hiyo yawezekana kabisa kwamba babu huyo aliiona misafara alipokuwa mtoto. Hesabu hii haithibitishi kila neno la simulizi, lakini inaonyesha kwamba simulizi haipingani na tarehe. Wazee wengi hufurahi kuulizwa hivyo, kwa maana wanaona kwamba maneno yao yanapimwa kama kitu chenye thamani.

6. Habari zinapopingana

Sasa tufike kwenye jambo ambalo humtia hofu mwalimu mgeni katika kazi. Itakuwaje mgeni akisema hivi, na kitabu au mgeni mwingine akisema vingine? Mfano ulio wazi ni jina lenyewe la Bagamoyo.

Wengi hukubaliana kwamba jina hilo linatokana na maneno "bwaga moyo". Lakini maana yake hugombaniwa. Wako wasemao kwamba ni neno la mateka: walipoiona bahari walitambua kwamba hawatarudi kwao, wakakata tamaa, wakaibwaga mioyo yao pale. Wako wasemao kwamba ni neno la wapagazi: baada ya mwendo wa miezi kutoka bara walibwaga mizigo, na mioyo ikatulia kwa kuwa safari imekwisha.

Mwalimu asiye makini atachagua moja ya njia tatu mbaya. Ya kwanza ni kutangaza kwamba maelezo moja ni sahihi kwa sababu ndiyo aliyofundishwa. Ya pili ni kuwaambia watoto wapige kura, kana kwamba mambo yaliyopita huamuliwa kwa wingi wa mikono. Ya tatu ni kusema kwamba yote ni sawa, kila mtu na lake, na hivyo kuwafundisha watoto kwamba ukweli hautafutiki.

Njia njema ni kuuliza: kila maelezo yanategemea nini? Tuanze na lugha. Kitenzi "kubwaga" ni cha mtu anayetua mzigo kwa kishindo, na kuubwaga moyo kwaweza kuwa kupumzika au kuvunjika. Basi lugha peke yake haiamui. Tutazame biashara. Katika karne ya 19 utajiri wa Bagamoyo ulitokana kwa sehemu kubwa na pembe za ndovu, nazo zililetwa na maelfu ya wapagazi, wengi wao Wanyamwezi waliofanya kazi ya ujira. Basi wapagazi walikuwapo kwa wingi. Lakini mateka nao walipita katika njia hiyo hiyo, na biashara ya kuwauza haikukoma mara moja baada ya mkataba wa mwaka 1873, ambao Sultani Barghash wa Unguja alikubali kuwapiga marufuku wasafirishaji wa watumwa baharini na kulifunga soko lao. Basi mateka nao walikuwapo. Darasa litafikia hatua ya kusema: watu wa aina zote mbili walifika hapa, na jina peke yake halituambii ni nani aliyelitamka kwanza. Hayo ndiyo tunayoweza kuyasema kwa haki. Mtoto anayeweza kuusimamia mpaka huo wa maarifa yake, bila kuuvuka kwa sababu simulizi moja inaliza au nyingine inapendeza, amejifunza historia.

Tena kuna la kuangaliwa zaidi. Maelezo ya wapagazi yasitumiwe kuwafuta mateka, wala maelezo ya mateka yasitumiwe kuwasahau wapagazi waliojenga uchumi wa bara na pwani kwa mabega yao. Na mwalimu ajue kwamba habari ya utumwa si habari ya watu wa mbali. Darasani huenda wamo watoto wa jamaa walioumizwa na biashara ile na watoto wa jamaa walionufaika nayo, na wengine wenye asili ya pande zote. Mwalimu asiruhusu kabisa swali la nani ni mzao wa nani. Tusi la "mtoto wa mtumwa" lingali linasikika mahali pengine, na ziara iliyoongozwa vibaya yaweza kulitia mdomoni mwa mtoto ambaye hakulijua. Kabla ya safari watoto waambiwe waziwazi: utumwa haukuwa asili ya mtu, lilikuwa tendo alilotendewa, na aibu yake ni ya mtenda.

7. Baada ya ziara

Somo la siku ifuatayo lisiwe insha ya "Safari yetu ya Bagamoyo", ambayo huanza na kuamka alfajiri na kuishia na kurudi jioni. Vikundi virudi kwenye maswali yao. Kila kikundi kisome swali, kitoe jibu, na kitaje safu ambamo ushahidi wake umetoka. Wanafunzi wengine wana haki ya kuuliza. Majibu yaliyokubalika yaandikwe kwenye karatasi kubwa ibandikwe ukutani. Maswali yasiyojibiwa nayo yaandikwe kwenye karatasi ya pili, ibandikwe kando ya ya kwanza. Karatasi hii ya pili ndiyo mbegu ya ziara nyingine, au ya mgeni mwingine.

Watoto waweza kufinyanga mfano wa kaburi lenye mnara kwa udongo, kuchora mstari wa miaka kuanzia karne ya 13 hadi leo, na kuandika barua ya shukrani kwa mwongozaji au kwa mgeni, ikitaja jambo moja mahususi walilojifunza kwake. Barua hiyo ni zoezi zuri la lugha, na tena ni deni linalolipwa.

Ili mwalimu apime kazi yake, awape watoto swali lile lile kabla ya ziara na baada yake, alinganishe majibu. Kisha ajiulize: je, mtoto ameandika jambo lolote ambalo halimo katika kitabu cha kiada na ambalo mimi sikumwambia? Kama halipo hata moja, ilikuwa matembezi.

8. Ziara ya dakika arobaini

Wanachuo wengi, wakiwa katika mazoezi ya kufundisha, watajikuta katika shule zenye madarasa makubwa na fedha haba. Wasifikiri kwamba yaliyoelezwa hapa hayawahusu. Ziara si lazima iwe na gari. Mashine ya kusaga nafaka, kisima, zahanati, mnada wa ng'ombe, makaburi ya zamani, mti ambao baraza la kijiji hukutana chini yake: vyote vyaweza kufikiwa kwa miguu katika kipindi kimoja au viwili. Mwenye darasa la watoto themanini aweza kuwatoa nusu pamoja na mwalimu mwenzake, nusu wakibaki na kazi, kisha wakapokezana. Swali litangulie, safu tatu ziwepo, na somo la kesho yake lisikosekane.

Hitimisho

Tumeona kwamba ziara na mgeni mwalikwa havimpunguzii mwalimu kazi, humwongezea. Faida yake ni kwamba mtoto hutoka katika hali ya kupokea habari akaingia katika hali ya kuitafuta na kuipima, tena kwa adabu. Mwalimu atakayewazoeza wanafunzi wake kusema "nimeona", "nimeambiwa" na "nimesoma", kila neno mahali pake, amewapa chombo ambacho hakiharibiki mtaala unapobadilika.

Maswali ya majadiliano

1. Taja mahali patatu palipo katika mwendo wa nusu saa kwa miguu kutoka chuoni kwenu panapofaa kwa ziara ya darasa la tano. Kwa kila mahali, tunga maswali mawili ambayo hayawezi kujibiwa bila ya kufika.

2. Mgeni mwalikwa anasimulia jambo ambalo wewe unajua kwa hakika kwamba si sahihi. Wanafunzi wanakutazama. Utafanya nini wakati ule, na utafanya nini baada ya mgeni kuondoka?

3. Wazazi watano kati ya arobaini wamesema hawawezi kulipia ziara. Pendekeza njia mbili za kulitatua jambo hilo bila ya kuwaaibisha watoto wao.

4. Andaeni kwa vikundi mazoezi ya kumuuliza mgeni maswali. Mmoja awe mgeni, wengine wawe wanafunzi. Sikilizeni hasa maneno ya adabu yanayotangulia swali, kisha mjadili yapi yalifungua mazungumzo na yapi yaliyafunga.